Usilale na Moto wa Makala
Mafundisho juu ya joto la usiku katika nyumba ndogo



Kila mtu anajua kwamba moto unachoma. Mtoto akianguka juu ya mbabula, watu wote wanaona kidonda na wanakimbia kutafuta msaada. Lakini moto una njia nyingine ya kuua, na njia hii haina kidonda, wala sauti, wala harufu. Mtu analala jioni akiwa mzima, na asubuhi haamki tena. Katika somo hili tutaeleza sumu hii ni kitu gani, inatoka wapi, namna ya kumsaidia mtu aliyeipata, na namna ya kupata joto usiku bila kuileta sumu hiyo ndani ya nyumba.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Bunia iko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku baada ya mvua baridi inaingia mpaka mifupani. Watu wa Kasenyi na Tchomia, kando ya Ziwa Albert, hawahitaji moto ili walale. Lakini katika milima ya Djugu baridi ya usiku ni kali, na watu wanatafuta joto.

Zamani nyumba nyingi zilijengwa kwa miti na udongo, na paa lilikuwa la majani. Moshi ulipita katika majani na kutoka nje, na hewa mpya iliingia katika nyufa. Moshi huo uliumiza macho na kifua, lakini nyumba yenyewe ilipumua. Siku hizi watu wengi wanalala mahali pasipopumua. Katika Marekani na Ulaya wako watu wanaonunua basi kuukuu, wanaondoa viti, wanaweka kitanda na jiko, na kuligeuza kuwa nyumba. Ulizo lao kubwa ni hili: ni moto wa namna gani unaweza kukaa ndani ya sanduku dogo la chuma pamoja na watu waliolala? Kwetu nyumba za basi ni chache, lakini ndugu zake tunazo nyingi:

Mlinzi anayelala ndani ya kontena sokoni, mlango umefungwa kwa sababu ya wezi.

Shofere na msaidizi wake waliokwama katika matope kwenye njia ya Komanda na Mambasa, wanaolala ndani ya kabina, vioo vyote vimefungwa kwa sababu ya mvua na mbu.

Jamaa waliokimbia vita vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, kama wale waliofika Kigonze, wakalala katika mahema ya bashi, watu sita au zaidi mahali padogo.

Mama aliyezaa juzi, ambaye bibi zake wamemfungia madirisha na kumwekea mbabula karibu na kitanda ili mtoto asipate baridi.

Watu wa matanga, ambao wamejaa chumbani usiku na wameingiza makala mekundu ili wazee wapate joto.

Wote hawa wanafanya jambo moja kwa nia njema. Na wote wako katika hatari moja.

2. Sumu hii ni kitu gani

Kila kitu kinachowaka kinahitaji hewa. Kuni, makala, petroli ya taa, gazi, esansi na mazuti, vyote vinakula hewa kama sisi. Moto ukipata hewa nyingi, unawaka vizuri. Moto ukipata hewa kidogo, au ukiwa makala mekundu tu bila miali, unatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Huwezi kuiona. Haina harufu. Haikoholeshi mtu wala haiwashi macho.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika juu ya makala. Kuni zinatoa moshi, na moshi unamfukuza mtu nje. Makala yaliyokwisha kushika moto hayana moshi, kwa hiyo mtu anafikiri yamekuwa safi. Sivyo. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa sumu hii nyingi. Hata yakifunikwa na majivu meupe na kuonekana kama yamekufa, yanaendelea kuitoa saa nyingi.

Sasa tazama inavyoua. Damu yetu ina wapagazi wengi wekundu. Kazi yao ni kwenda mapafuni, kubeba oksijeni, ile hewa inayotupa uzima, na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Sumu ya makala ikiingia mapafuni inawashika wapagazi hao kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mpagazi aliyeshikwa na sumu hawezi kubeba mzigo mwingine. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Aliye macho anasikia kichwa kinauma. Aliyelala hasikii neno. Usingizi wake unazidi kuwa mzito, mpaka maisha yanaisha.

Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini karibu na milima ya moto, inayokaa katika mabonde na mashimo na kuua watu na wanyama. Usichanganye mambo haya mawili. Mazuku ni hewa nzito, inakaa chini. Sumu ya makala si nzito. Inachanganyika na hewa yote ya chumba. Kwa hiyo anayelala kitandani na anayelala chini, wote wanaivuta.

3. Dalili zake

Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, na magoti kulegea. Baadaye mawazo yanachanganyika, mtu anasema maneno yasiyo na maana, anaanguka, na kupoteza fahamu. Mara nyingi mtu anajua kwamba kuna neno baya, lakini miguu haina nguvu za kumfikisha mlangoni.

Unaona kwamba dalili za kwanza zinafanana sana na malaria. Mtu anaamka na kichwa kinachouma, anatapika, ananunua dawa ya malaria, na jioni anarudi kulala katika chumba kile kile na mbabula ile ile. Basi jiulize maneno haya manne:

Je, watu wawili au watatu waliolala chumba kimoja wameugua asubuhi moja?
Je, kuku au mbuzi waliolala humo wamelegea au wamekufa?
Je, mgonjwa hana homa?
Je, anapata nafuu akikaa nje, na kuugua tena akirudi ndani?

Ukijibu ndiyo, fikiri juu ya moto. Damu ipimwe malaria vilevile, kwa maana mtu anaweza kuwa na mambo yote mawili.

Kuna neno jingine zito. Jamaa nzima ikikutwa imekufa ndani ya nyumba, bila kidonda wala damu, watu wanaanza kunong’ona: “Wamelishwa sumu. Jirani amewaroga.” Mashtaka ya namna hii yamekwisha kumwaga damu nyingi katika Ituri. Mwezi wa Juni 2001, upande wa Aru, watu wengi waliuawa kwa kushtakiwa uchawi. Kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, tazama chumbani. Je, milango ilifungwa? Kuna mbabula yenye majivu? Kuna jenereta? Majivu hayo yanaweza kumwokoa mtu asiye na kosa.

4. Namna ya kumsaidia mtu aliyevuta sumu

Usikimbilie ndani kwa pupa. Wengi wamekufa wakiwafuata wengine. Ita watu kwanza. Vuta pumzi nje, ishike, ingia, fungua mlango na dirisha, toka. Kisha rudi umvute mgonjwa nje. Usibaki ndani kutafuta vitu.

Mweke mahali penye hewa. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Kama hapumui, na kuna mtu aliyefundishwa, afanye kazi ya kumpumulisha: akandamize kifua kwa nguvu mara 30, kisha apulize pumzi kinywani mara 2, na kuendelea hivyo.

Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya ngazi. Watu wengi wanaamini kwamba vitu hivi vinaondoa sumu. Sumu hii haiko tumboni, iko katika damu, na maziwa hayafiki huko. Tena mtu asiye na fahamu akinyweshwa, kinywaji kinaweza kuingia mapafuni na kumwua.

Mpeleke upesi hospitalini au kituo cha afya chenye oksijeni. Dawa yake ni oksijeni hiyo. Mtu akipumua hewa ya kawaida tu, damu inahitaji kama saa 4 au 5 ili kutoa nusu ya sumu. Akipewa oksijeni nyingi kwa kifuniko cha uso, inahitaji kama saa moja na nusu, au chini yake.

Ukifika, mwambie mwuguzi wazi: “Tulilala na makala.” Neno hili ni la lazima. Kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni kinadanganyika na sumu hii. Kinaweza kuonyesha hesabu nzuri huku mgonjwa anakufa. Mwuguzi asiyeambiwa hawezi kujua.

Mwanamke mwenye mimba aende hospitalini hata akijisikia vizuri. Sumu inashika damu ya mtoto tumboni kwa nguvu zaidi, na inakawia kutoka. Na mtu aliyepona atazamwe majuma machache, kwa sababu wengine wanarudi baadaye na ugonjwa wa kusahau, kutetemeka, au kubadilika tabia.

5. Kuchagua moto na mafuta yake

Makala. Yafaa kupikia nje, au mahali penye paa na pande zilizo wazi. Washa mbabula nje, pika nje, na ukimaliza uiache nje usiku kucha. Usiirudishe ndani kwa sababu “bado kuna joto kidogo.” Wengine wanasema, “Weka beseni la maji chumbani, maji yatakula sumu.” Maji hayali sumu hii. Wengine wanaacha dirisha wazi kidogo. Dirisha wazi ni jema kuliko dirisha lililofungwa, lakini halikupi ruhusa ya kulala na makala mekundu.

Kuni. Moshi wake unaharibu mapafu, hasa ya watoto wadogo wanaobebwa mgongoni mama akipika. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Kuni pia zinatoa sumu ile ile. Tumia kuni zilizokauka, jiko lenye ukuta unaoshika joto, na bomba la kupeleka moshi nje juu ya paa. Jiko lenye bomba lisilo na tundu, na hewa mpya inayoingia chumbani, ndilo jiko la kuni linaloweza kukaa ndani.

Petroli ya taa. Jiko lake linahitaji dirisha wazi, na utambi safi unaowaka bila masizi. Lizimwe kabla ya kulala. Angalia sana unaponunua katika chupa kwa wauzaji wa barabarani, wale wanaoitwa kadhafi. Petroli iliyochanganywa na esansi, hata kidogo, inaweza kulipuka katika taa au jiko. Tena usiweke petroli katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi, anakunywa. Akinywa, usimtapishe, kwa maana petroli ikipanda inaingia mapafuni. Mlete hospitalini pamoja na chupa ile.

Gazi ya chupa. Inawaka vizuri kuliko makala, na mwali wake mzuri ni wa buluu. Mwali wa manjano wenye masizi unaonyesha kwamba jiko ni bovu. Gazi hii ni nzito, ikivuja inakaa chini sakafuni na kungoja cheche. Pima mpira kwa povu la sabuni. Usipime kwa kiberiti. Funga chupa kila usiku. Jiko la gazi ni la kupikia, si la kupashia chumba joto wakati watu wamelala.

Jenereta na mashini ya gari. Hizi zinatoa sumu kwa wingi na upesi sana. Watu wanaingiza jenereta ndani ya duka kwa kuogopa wezi, na mlinzi analala karibu nayo. Afadhali kupoteza jenereta kuliko kupoteza mlinzi. Iwekwe nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na bomba lake lielekee mbali na milango na madirisha. Ifungwe kwa mnyororo, kama unaogopa wizi. Na wewe shofere, usilale ukiacha mashini inanguruma ili kabina ipate joto. Bomba la moshi lililotoboka, au lililozibwa na matope, linaweza kuleta sumu mpaka unapolala.

Umeme na jua. Umeme haufanyi sumu hii, lakini nyaya zilizochakaa zinachoma nyumba. Taa ndogo ya jua haitoi joto, ila inaondoa mshumaa na taa ya petroli ndani ya hema, na hilo ni faida kubwa, kwa maana bashi inashika moto upesi na mahema yamekaribiana. Kila jamaa iwe na ndoo ya mchanga karibu na mahali pa kupikia.

6. Joto bila moto

Mtu atauliza: “Basi tufe kwa baridi?” Hapana. Mwili wenyewe ni jiko lisilo na sumu. Kazi yetu ni kutunza joto lake.

Baridi kubwa inatoka chini. Blanketi moja chini yako inaweza kukusaidia kuliko mbili juu yako. Weka mkeka, makartoni makavu, au majani makavu yaliyojazwa katika gunia. Katika kontena au gari, usilale juu ya chuma kitupu.

Badili nguo zilizolowa. Vaa kofia na soksi. Kula kabla ya kulala, na unywe chai ya moto. Pombe haileti joto. Inafungua mishipa ya ngozi, joto la mwili linatoka, na mlevi anasikia joto huku anapoa. Tena aliyelewa haamki kichwa kinapoanza kuuma.

Unaweza kupasha maji nje, kuyatia katika chupa yenye kifuniko kizuri, kuifunga kwa kitambaa kinene, na kuiweka miguuni. Yasiwe ya kuchemka. Usiiweke karibu na mtoto mchanga, ngozi yake inaungua upesi.

Kwa mtoto mchanga iko njia bora kuliko mbabula yoyote, nayo ni kifua cha mama. Mkaushe mtoto mara anapozaliwa. Mvike kofia na nepi tu, mweke juu ya kifua kitupu cha mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili kwa kitenge na blanketi. Kuoga kungoje mpaka kesho yake. Madaktari wa Bogotá katika Colombia walianza kutumia njia hii mwaka 1978, walipokosa mashini za kutosha za kupashia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Siku hizi Shirika la Afya la Dunia linaagiza kwamba watoto hao wakae hivyo saa 8 mpaka 24 kila siku. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kufungua kifua chake. Bibi, tunajua unaleta makala kwa upendo. Yaache nje, na umbebe mjukuu wako kifuani.

7. Sheria za kukumbuka

1. Makala mekundu hayalali na watu. Yabaki nje.
2. Moshi ukikosekana, sumu inaweza kuwapo.
3. Jenereta iwe nje, mita 6 au zaidi.
4. Usilale ndani ya gari lenye mashini inayowaka.
5. Kichwa kikiuma ukiwa karibu na moto, usilale. Toka nje kwanza, watoe na watoto.
6. Wengi wakiugua pamoja chumbani, fungua milango, wapeleke hospitalini, na useme habari ya moto.
7. Mtoto mchanga apate joto kifuani pa mtu.

8. Maswali kwa wanaofundisha wengine

Kwa nini makala yasiyo na moshi yanadanganya watu?
Ni dalili gani zinazotofautisha sumu hii na malaria?
Kwa nini maziwa hayasaidii?
Utamwambia nini mwuguzi unapomleta mgonjwa?
Ni nani katika mtaa wako anayelala katika kontena, gari au hema? Nani amezaa juma hili? Nani ana matanga? Ni nani atakayekwenda kuwaeleza habari hii kabla ya usiku?